Chambo Bila Mafundo

Siku ya tatu tangu ziwa lifungwe, Karim alisimama mlangoni pangu akiwa na kopo tupu la biskuti mkononi, nami nikajua mume wangu anarudi nyumbani.

Karim ni mfanyabiashara wa sambaza kavu, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Huvuka kwenda Nkombo kila wiki na kurudi Kamembe na magunia yake, na habari za watu juu ya magunia.

"Maman Gaju, banakusalimia kule kisiwani."

"Nani ananisalimia?"

"Mwenye kopo."

"Ana jina huyo."

"Jina yake unaijua kunipita. Mimi ni mubebaji tu, usinipige."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Peleka kwa Maman Gaju.' Nikamuuliza, 'Papa Cassien, nikifika niseme je?' Akasema, 'Kopo itasema yenyewe.'"

Nilipokea lile kopo. Kifuniko chake kilikuwa na kutu upande mmoja, pale ambapo kidole gumba cha Cassien kilizoea kukishika. Karim akanitazama kidogo, akaona uso wangu, akaenda zake bila kunywa hata maji.

Kwetu, mimi na Cassien, kopo lilikuwa na kazi yake. Kila mwaka ziwa hufungwa miezi miwili ili samaki wazae, na wavuvi hukaa nchi kavu kama kuku walionyeshewa. Siku ya kufungwa Cassien alikuwa akiliweka kopo mapajani mwangu, tupu. Hakusema neno. Kwa miezi ile miwili mimi nililijaza chambo. Sisemi minyoo wala unga. Nasema chambo cha bati, samaki wa uongo anayeng'aa, mwenye ndoano mkiani. Siku moja kabla ya ziwa kufunguliwa tulikaa wote wawili kitandani, kopo katikati, tukamaliza kazi pamoja. Miaka ishirini na miwili tulifanya hivyo. Kwa hiyo mwanamume aliyeondoka nyumbani mwezi wa kwanza, na mwezi wa nane akaleta kopo tupu, ningemwelewaje?

Mimi ni Mukabera. Nilizaliwa ng'ambo, Bukavu, upande wa Kongo, wazazi wangu wakiwa Wanyarwanda. Baba yangu Nzabonimana alikuwa akiziba masufuria pale Kadutu, na mimi, badala ya kupelekwa shule, nilipelekwa kushika makasi. Ndugu zangu wa kiume walijifunza kuandika, mimi nikajifunza kukata bati bila kujikata. Tuliporudi huku Rwanda nilikuwa msichana mkubwa, nami sikujua kitu kingine. Cassien alinioa nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mama alinipa vijiko sita vizito, vya zamani, akasema mwanamke asiye na vijiko vyake huazima mpaka heshima.

Mwaka ule wa kwanza Cassien hakuwa mvuvi. Alikuwa kibarua. Mjomba wangu wa Gitambi alituita kumsaidia kuchuma kahawa, nasi tukaenda. Jioni mjomba akamwaga kapu la Cassien kwenye mkeka mbele ya vibarua wote. Buni zilikuwa nusu nyekundu, nusu mbichi kabisa, za kijani kama majani yenyewe.

"Wewe muntu," mjomba akasema, "umechuma ama umekamua muti?"

Watu walicheka. Mmoja akasema huyu bwana arusi bado macho yake yako kitandani. Cassien aliokota kapu lake. Njiani, tukishuka kurudi, aliniambia kwa sauti ndogo kwamba yeye haoni tofauti. Nyekundu na kijani na rangi ya udongo, kwake vyote ni kitu kimoja. Tangu utotoni hakuwahi kumwambia mtu. Akanishika mkono pale njiani, akaniapisha. Nikaapa.

Nilivunja kiapo mara moja tu. Nilimwambia mama, tena kwa huruma, nikiuliza kama kuna dawa. Cassien alijua, akanipiga kofi ambalo sikio langu la kushoto lilisikia mlio wake wiki nzima. Kisha akalia yeye, siyo mimi. Akasema, "Umenivua nguo." Nikaona kweli nimemkosea. Sikusema tena. Hata binti yetu Gaju amekua, ameenda Kigali kushona nguo, hajui kwamba baba yake hakuwahi kuona rangi ya nguo zake.

Kahawa ikawa imemkataa, akaenda ziwani. Alivua kwa mshipi pale maji ya Kivu yanapoanza kuwa mto Rusizi, ambapo mkondo unavuta na samaki wakubwa wenye ndevu fupi hukaa wakingoja wadogo waletwe. Alitumia minyoo kama wenzake, na kama wenzake alirudi na samaki wadogo. Mimi nilikuwa nikienda kuosha vyombo pale chini. Asubuhi wavuvi wa sambaza walipokung'uta nyavu zao, wachache walianguka majini wakiwa nusu wafu. Niliwatazama siku nyingi. Sambaza aliyeogelea sawasawa aliachwa apite. Aliyeyumba, anayegeuka ubavu na kung'aa, anajirudi, anageuka tena, huyo alimezwa papo hapo. Samaki mkubwa hafuati mzima. Hufuata anayeumwa.

Nilirudi nyumbani nikachukua kijiko kimoja cha mama, nikakata mpini, nikatoboa tundu kila upande, nikakipinda kidogo upande mmoja ili kisiende sawa. Kiyumbe. Cassien alinitukana kwa kuharibu kijiko. Siku ya pili alirudi na samaki wa urefu wa mkono wangu.

Basi nikaanza kujifunza maji. Hakuna aliyenifundisha. Ilinichukua miaka miwili ya kukaa juu ya jiwe. Jua likiwa kali na maji meupe, chambo cha fedha tupu, tena kidogo. Mvua ikishusha udongo mwekundu kutoka mashambani, fedha haionekani, inataka shaba ya nyaya za zamani iliyosuguliwa kwa jivu, na uzi wa sufu nyekundu kwenye ndoano. Asubuhi ya ukungu karibu na matete, uzi wa kijani na unyoya wa jogoo. Upepo ukivuruga maji, chambo kizito, cheusi, kinachoonekana kwa umbo lake.

Shida ilikuwa moja. Fedha Cassien aliijua kwa mng'ao. Lakini nyekundu na kijani vilimchanganya, na mbele ya watu hakuweza kuuliza. Ndipo nikabuni mafundo. Kwenye nailoni ya kila chambo, karibu na kichwa, nilifunga fundo moja kwa maji ya udongo, mawili kwa maji meupe, matatu kwa ukungu, manne kwa upepo. Ndiyo kazi tuliyokuwa tukimalizia kitandani siku moja kabla ya ziwa kufunguliwa. Nilimwekea chambo kiganjani naye akiwa amefumba macho, akapapasa, akasema, "Udongo." Nikaweka kingine. "Ukungu." Akikosea nilimfinya. Alikuwa akicheka kama mtoto. Mwaka mzima hatukuwa na saa nyingine kama hiyo.

Na huko ziwani, watu waliona nini? Waliona mwanamume anayetazama maji tu, hatazami kopo, mkono wake unaingia na kutoka na chambo kinachofaa. Wakasema anasoma maji kwa vidole. Wakamwita Docteur. Vijana walikuja kumuuliza, "Docteur, leo tufunge nini?" naye alipapasa, akanyamaza kidogo ili waone anafikiri, akawaambia.

Siku moja chama cha wavuvi kilimwomba awafundishe. Nilibeba sinia la chapati, nikasimama nyuma karibu na mlango. Cassien akasema, "Samaki mkubwa hafuati mzima. Hufuata anayeumwa." Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza nani anamtengenezea vitu vizuri hivyo. Cassien akasema, "Bibi yangu ananisaidia kukunja bati." Mimi, mjinga, nilijisikia fahari kwa sababu amenitaja.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akaondoka. Hatukugombana. Alikuwa akienda Nkombo kwa siku mbili, zikawa nne, kisha akaja kuchukua koti lake la mvua, na mtu akichukua koti la mvua ujue hana mpango wa kukimbilia kwako mvua ikinyesha. Nikasikia ni mwanamke mmoja, Mukantwari. Nikasikia anauza ndizi pale gatini. Sikuuliza zaidi. Nilifikiri ni msichana. Nilifikiri mwanamume akishafika miaka hamsini hushikwa na homa hiyo, na homa hupona.

Basi kopo lilipokuja nilimpigia Gaju simu.

"Maman, hiyo kopo itupe chooni."

"Gaju, ni baba yako."

"Ni baba yangu, ndiyo. Amekukumbuka wewe ama amekumbuka samaki?"

"Mwanamume aliyesafiri akituma kitu nyumbani..."

"Papa hakusafiri, Maman. Alikuacha."

Nilikata simu. Mtoto wa kike akishaanza kujilipia nyumba huona mama yake hana akili.

Sikufanya haraka. Nilitengeneza chambo kama ambavyo sijawahi kutengeneza. Vijiko vya mama vilikuwa vimebaki viwili, vinne vilishaliwa na ziwa. Nikakata kimoja. Nilisugua shaba mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Nilimnyonyoa jogoo wa jirani manyoya ya shingo, nikalipa kwa matusi niliyoyasikiliza yote. Nilipomaliza, vilikuwa thelathini na mbili, vimelala koponi kama sambaza walioumwa kweli.

Lakini sikufunga mafundo.

Nilikaa na nailoni mikononi siku nzima nikiwaza. Nikifunga, Karim atalibeba kopo, Cassien atapapasa, atavua, atashiba, na mimi nitabaki hapa Gihundwe na vipande vya bati sakafuni. Nisipofunga, itabidi aje. Atakaa kitandani, afumbe macho, nimwekee kimoja kimoja kiganjani. Nani mwingine atamfanyia? Huyo wa kisiwani hajui kitu. Siri ile iko kwangu peke yangu duniani, tangu mama yangu afe. Mwanamume hawezi kuishi mbali na mtu anayeshika aibu yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikalifunga kopo, nikampa Karim.

"Ujumbe gani?" akauliza.

"Kopo itasema yenyewe."

Akacheka. "Ninyi bawili mungekuwa na redio."

Nilianza kujitayarisha. Nikapaka chumba chokaa. Nikafua blanketi. Nikamwaga majani ya godoro na kuweka mapya. Ziwa likafunguliwa, na mvua ikaja wiki hiyo hiyo, mvua kubwa ya kwanza, na kila kijito cha mlimani kikashusha udongo mpaka ukingo wa ziwa ukawa kama supu ya maharage. Nikafurahi. Maji ya udongo! Hayo ndiyo maji atakayoshindwa nayo. Ataweka kijani, watu watamtazama, wataanza kunong'ona. Nilimwona moyoni akiwa juu ya mtumbwi, mkono koponi, vidole vinatafuta fundo, na hakuna fundo. Nilimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa tamu. Mungu anisamehe.

Siku ya nne ya mvua nilisikia mtu anapiga hodi. Nilikuwa nimepika sombe la majani ya mihogo na sambaza, chakula anachopenda. Nilikimbia.

Alikuwa mwanamke mwenye mwavuli uliovunjika mbavu moja. Kopo letu lilikuwa kwapani mwake.

"Yaya," alisema, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "mimi ni Mukantwari. Unaweza kunifukuza, lakini uniache kwanza nikauke."

Hakuwa msichana. Hiyo ndiyo niliyoiona kwanza. Alikuwa wa rika langu, labda amenipita mwaka mmoja au miwili. Ana mvi mbele. Jino moja la pembeni limetoka. Mwanamume akikuacha kwa ajili ya ujana, unasema ni macho yake. Huyu alikuwa mtu kama mimi. Nilimwonyesha kiti.

"Ametuma wewe?"

"Nimekuja mwenyewe. Yeye alisema tuache tu. Lakini siku tatu hatujapata samaki."

"Sikufunga mafundo."

"Niliona."

"Hawezi kuvua bila mafundo."

"Ah, ya rangi?" Akatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa baya, ndilo lililoniua. "Aliniambia wiki ya kwanza. Nilikuwa nimevaa kitenge nyekundu kabisa, akaniambia, 'Kijani hii inakupendeza.' Nikamwambia, 'Papa, uko unaona je?' Akacheka, na mimi nikacheka, tukacheka mupaka batu ba jirani bakatoka. Kaka yangu naye iko vile vile, yaya. Si kitu. Nilichukua mifuko mbili, nyekundu huku, kijani huku. Basi."

Mifuko miwili.

Sikio langu la kushoto likaanza kulia, mlio ule ule wa mwaka ule. Alicheka. Mtu aliyenipiga kwa neno moja kwa mama yangu, alicheka na huyu wiki ya kwanza, na majirani wakisikia. Miaka ishirini na mitano nimetembea na siri ile kama mwanamke aliyebeba maji kichwani asiyeweza hata kugeuza shingo. Kumbe lilikuwa jambo la kuchekea kitenge.

Mukantwari alifungua kopo, akaliweka mezani kwangu kwa adabu. "Rangi ninaziona. Shida ni maji. Siyajui. Leo, kwa mfano, maji kama haya, tunafunga nini? Yeye leo anasema mengine, kesho mengine. Niliona kwamba anajua hesabu ya mafundo tu, chambo yenyewe hajui." Akashusha sauti. "Ni wewe ulikuwa unachagua. Si yeye."

Ndivyo nilivyolisikia neno hilo, nililolingoja nikiwa nimesimama na sinia la chapati. Likatoka katika mdomo wa yule.

"Mwambie aje aulize mwenyewe," nikasema.

"Hatakuja, yaya."

"Kwa nini?"

Alitazama mikono yake. Nilimwona anatafuta uongo, kisha akauacha. "Anasema wewe ni muntu mwema. Lakini anasema ukimwangalia, anaona ile kahawa juu ya mukeka. Kila siku. Anasema miaka yote alikuwa anaiona machoni mwako."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Sufuria la sombe lilikuwa likichemka na mimi sikuinuka kulipunguzia moto. Mimi niliyesahau kahawa ile! Mimi niliyefunga mafundo ili asiikumbuke!

"Umependa kuniambia hivyo?" nikamuuliza.

"Hapana. Lakini ulipaka chokaa," akasema. "Nimeona. Haifai muntu apake chokaa kwa bure."

Nilivuta kopo kwangu. Niliinua chambo kimoja kimoja, yeye akiinama mbele kama mwanafunzi, akidhani naanza kumfundisha. Nilitafuta mpaka nikakipata kile cha kijiko cha mama. Nikakiweka mfukoni mwa sketi yangu. Vingine thelathini na kimoja nikavirudisha, nikafunga kifuniko, nikamsukumia.

"Rangi unaziona. Maji, kaa juu ya jiwe uyatazame. Mimi yalinichukua miaka miwili."

"Yaya, tutakula nini miaka miwili?"

"Uliza Docteur."

Alisimama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichukua kopo na mwavuli wake, akasema "Asante kwa kiti," akaingia mvuani. Nilimtazama akishuka njia ya utelezi, kopo amelishika kifuani kwa mikono miwili. Sombe liliungua. Nilikula hivyo hivyo, kwa kijiko cha mwisho cha mama yangu.

Sasa Karim akipita hanitajii habari za kisiwani, nami simuulizi. Gaju anapiga simu kila Jumapili, hasemi, "Nilikuambia," na kwa hilo namshukuru. Chambo cha kijiko nimekitundika msumarini juu ya kitanda. Si kijiko tena, mpini wake uko jaani. Na ziwani hakiendi.

Asubuhi hii mvua imekatika. Nilitoka kumwaga maji, nikasimama uani mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya nyumba mbili. Karibu na ukingo bado pekundu, mbele kidogo panaanza kusafika. Nikasema, "Shaba. Fundo moja. Saa nne abadilishe, aweke ya fedha." Nilisema kwa sauti, polepole, kama mtu anayemwekea mwenzake kitu kiganjani. Jirani mwenye jogoo akauliza kutoka ng'ambo ya ua naongea na nani.

Nikamwambia ninahesabu kuku.

Sina kuku.